Abeti Masikini, Binti wa Kisangani

Majira ya mvua yaliyopita wasichana watatu wa kwaya yetu ya Punia walitujia baada ya mazoezi ya Jumamosi, wakatuuliza: Je, yafaa msichana aliyebatizwa aimbe nyimbo za dunia na kupata riziki kwa sauti yake? Mmoja wao ndiye aliyekuwa na haja ya jibu. Wale wawili walimsindikiza tu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kumkataza. Sisi nasi, bila kufikiri sana, tulijibu kama tulivyozoea kuwasikia wakubwa wakijibu, ya kwamba hiyo si kazi bali ni mchezo wa mabaa, na msichana aendaye huko hupotea. Yule msichana akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika machimbo ya kasiterite hapa kwetu alisikia habari hiyo, akatucheka. "Mwalimu," akasema, "Abeti wamjua?" Tukamjibu kwamba twalijua jina lake, na wimbo mmoja au miwili iliyokuwa ikipigwa redioni tulipokuwa watoto. "Basi," akasema, "umewahukumu watu usiowajua." Neno hilo lilituchoma. Ndipo tukaanza kuulizauliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954 katika mji uliokuwa ukiitwa Stanleyville, nao ni Kisangani ya leo. Jina lake lilikuwa Elisabeth Finant. Kwa sisi watu wa Punia Kisangani si mji wa mbali. Huko huenda wachuuzi wetu kwa njia ya Lubutu, na huko hushuka maji yote ya Lualaba baada ya kupita Kindu na Ubundu, mahali ambapo mashua hukwama kwa sababu ya maporomoko, hata Wabelgiji wakalazimika kujenga reli ya kilomita 125 kuyazunguka. Kisangani ina lugha mbili sokoni: Kilingala kilichopanda na mto kutoka magharibi, na Kiswahili kilichotoka upande wetu wa mashariki. Mtoto wa Kisangani huzijua zote mbili kabla ya kujua kusoma. Msomaji aliweke neno hilo moyoni, maana litatufaa mbele.

Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa chama cha Lumumba, na mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru, alichaguliwa kuwa mkuu wa serikali ya jimbo la Orientale. Cheo hicho hakikudumu. Alikamatwa na adui zake wa siasa, na mwezi wa Februari 1961, wiki chache tu baada ya Lumumba kuuawa katika Katanga, alipelekwa Bakwanga, yaani Mbuji-Mayi ya leo, akauawa huko pamoja na wenziwe. Binti yake alikuwa na miaka sita. Wazee wetu wa Maniema hawana haja ya kuelezwa miaka ile ilikuwaje. Kila ukoo una kaburi lake, na wengine hata kaburi hawana.

Mama, Marie Masikini, akabaki na watoto. Baadaye twawakuta Kinshasa, mbali na mto wao wa utoto, mjane na yatima katika mji mkubwa. Ni jina la mama huyo ambalo ulimwengu umelijua. Yatupasa tukiri kwamba tuliposikia zamani "Abeti Masikini" tulidhani ni jina la kujitungia, kama waimbaji wengi wafanyavyo, ili watu wamwonee huruma. Kumbe ni jina la mzazi wake. Na "Abeti" ni nini ila Elisabeti lilivyolainishwa na vinywa vya watu wetu?

Kuhusu majina kuna kisa ambacho wazee wa Kanisa wanakikumbuka. Mwaka 1971 Rais Mobutu aligeuza jina la nchi, ikaitwa Zaïre, na mwanzo wa mwaka 1972 serikali ikawaagiza raia waache majina ya Kikristo, wachukue ya mababu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na kwa ajili hiyo alilazimika kukaa Roma miezi kadha. Wengi wa rika la baba zetu walibeba majina mawili, moja la ofisini na moja la nyumbani. Binti huyu aliingia katika miaka ile na jina lililowatosha wote: mtu wa serikali aliona la Kiafrika, na mama yake aliweza bado kumsikia Elisabeti ndani yake.

Sasa tuitazame Kinshasa aliyoikuta. Muziki wa mji ule ulikuwa wa wanaume. Franco na kundi lake la OK Jazz, lililoanzishwa mwaka 1956, na Tabu Ley na watu wake, hao ndio waliotawala. Mwanamke alikuwapo ndani ya wimbo, akisifiwa au kulaumiwa, lakini mara chache alikuwa ndiye mwimbaji mwenyewe. Lucie Eyenga aliimba katika miaka ya 1950, tena vizuri sana, lakini wanawake wa namna yake walihesabika kwa vidole. Msichana aliyesimama mbele ya gitaa aliitwa majina mabaya na majirani, yale yale tuliyoyatumia sisi Jumamosi ile.

Katika miaka hiyo hiyo vijana wa Kinshasa walikuwa wakisikiliza santuri kutoka Marekani, za muziki uitwao soul, maana yake roho. Yafaa tuueleze kidogo, kwa kuwa wengi hudhani ni kelele za ulevini. Muziki huo ulizaliwa makanisani mwa Weusi wa Marekani. Waimbaji wake walijifunza katika kwaya jinsi ya kuvuta neno moja mpaka litoe yote yaliyomo, na jinsi mwimbaji anavyoita na watu kumwitikia. Kisha wakaichukua njia hiyo wakaimbia mapenzi, huzuni na haki. Aretha Franklin, aliye mkubwa wao, alikuwa binti wa mhubiri. Tangu utotoni aliimba kanisani kwa baba yake huko Detroit, na mwaka 1972, akiwa na sifa ya dunia nzima, alirudi kanisani, huko Los Angeles, akarekodi nyimbo za Mungu. Basi uimbaji huo hauko mbali na sisi kama tunavyofikiri. Kijana wa Kinshasa aliyekulia karibu na kwaya alipoisikia sauti ile alijua imetoka wapi.

Mwaka 1971 mwimbaji Gérard Madiata aliandaa mashindano ya kutafuta vijana wenye vipaji, katika bustani iliyokuwa zamani Parc de Boeck. Abeti, ambaye alikuwa akifanya kazi ya ukarani, akajiandikisha. Alikuwa na miaka 16. Hakushinda, alikuwa wa tatu. Twapenda sana habari hiyo ya kuwa wa tatu. Wa kwanza na wa pili hatuwasikii tena, lakini miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo Mtogo mmoja, Gérard Akueson, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimamia waimbaji na kutoa santuri. Ndiye aliyemwongoza Bella Bellow, mwimbaji mashuhuri wa Togo. Akueson akaisikia sauti ya yule wa tatu, akaelewa. Tangu siku hiyo alikuwa msimamizi wake, na baadaye mume wake.

Kinshasa haikumpokea mara moja. Watu walitaka rumba, na gitaa lirefuke mwishoni ili wacheze. Yeye aliimba mambo ya kusikilizwa, na alitaka watu wakae vitini. Kwa hiyo Akueson akampeleka kwanza Afrika ya Magharibi, na huko akajulikana kabla hajajulikana kwao.

Halafu mambo yakaenda mbio. Tarehe 19 Februari 1973 aliimba Paris katika jumba la Olympia, pale alipoimba Édith Piaf, na ambapo Tabu Ley alikuwa amewatangulia Wakongo wengine mwishoni mwa mwaka 1970. Alikuwa na miaka 18. Mwaka huo huo ikatoka santuri yake kubwa ya kwanza chini ya jina la Pierre Cardin, yule mshonaji mashuhuri wa Ufaransa. Humo mna "Bibile" na "Aziza", ambazo wazee bado wanazikumbuka. Mwaka 1974 aliimba New York, katika Carnegie Hall, jumba lililofunguliwa mwaka 1891.

Wapo wasemao ni Wazungu waliomfanya. Sisi hatukubali. Mzungu alitoa jumba na jina lake juu ya jalada la santuri, lakini nyimbo zilitoka nyumbani. Nyingi za mwanzo zilitungwa na kaka yake, Abumba Masikini, mpiga gitaa na mwimbaji, aliyekuwa naye tangu shida zao za utotoni. Nyingine akazitunga mwenyewe. Ni kazi ya ukoo mmoja. Na hapa lile neno la lugha mbili linarudi. Katika Kinshasa ambako Kilingala kilikuwa mfalme wa muziki, Abeti alileta Kiswahili jukwaani, tena Kiswahili chetu. Ana wimbo uitwao "Mutoto wangu". Walimu wa sarufi watasema iandikwe "mtoto". Waseme. Mama wa Punia akimbembeleza mwanawe usiku husema mutoto, na mwimbaji aliyefika Paris hakuona aibu kusema vivyo hivyo. Sisi tulifundishwa seminarini kuona aibu kwa neno hilo, na ilituchukua miaka mingi kuiacha.

Ikafika Septemba 1974. Kinshasa ilikuwa ikingojea pigano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Pigano liliahirishwa hata tarehe 30 Oktoba, kwa kuwa Foreman alikuwa ameumia juu ya jicho, lakini muziki uliotayarishwa kwenda pamoja nalo haukungoja. Usiku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba, uwanja wa 20 Mai ulijaa. Kutoka Marekani walikuja James Brown, B. B. King, Bill Withers na wengine. Kutoka Kuba alizaliwa Celia Cruz, naye alikuwapo. Miriam Makeba wa Afrika Kusini alikuwapo. Na kwa upande wa wenyeji waliimba Franco, Tabu Ley, Abumba Masikini, na dada yake Abeti. Uwanja wenyewe, tukumbushe kwa upande, ulijengwa kwa juhudi ya Padri Raphaël de la Kethulle wa Scheut, na leo unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël.

Mzee wetu wa machimbo anasema alizipata habari za usiku ule kwa redio, yeye na wenzake, wamekizunguka kisanduku kimoja chenye betri zilizokuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo. Walilisikia jina la binti wa Kisangani likitajwa pamoja na majina ya Marekani. "Siku ile," asema, "sisi wa mashariki tulijiona watu." Filamu ya tamasha lile ilitoka mwaka 2008, nayo ikaitwa Soul Power, lakini nyimbo za Waafrika wenyewe zilikaa ghalani zaidi ya miaka 40, zikatolewa mwaka 2017, na za Abeti zimo. Kwa nini za wageni zikumbukwe upesi hivyo na za wenye nyumba zingoje? Msomaji ajijibu.

Lakini tungependa kukaa zaidi juu ya jambo lisilosemwa sana, nalo ni nyumba aliyoijenga. Kundi lake aliliita Les Redoutables, yaani Wa-kuogopwa. Yeye mwenyewe walimpa jina la sifa, Tigresse mwenye makucha ya dhahabu. (Tigre hayuko katika misitu yetu, kama jina lingetungwa Punia angekuwa chui.) Kundi halikuwa mchezo. Mwenye kundi hulisha watu: wapiga gitaa, wapiga ngoma, wacheza dansi, wenye kubeba vyombo, hulipa nauli za meli na ndege, huhakikisha nguo, mazoezi, saa ya kufika. Atakayeongoza kwaya ya watu 20 ambao hawalipwi atajua ni taabu gani kuongoza watu wanaongoja mshahara. Na aliyebeba hayo alikuwa mwanamke ambaye hakuwa bado na miaka 25.

Ndani ya nyumba hiyo wengine walijifunza. Mbilia Bel, ambaye baadaye sauti yake ilijaa Afrika ya Mashariki yote pamoja na Tabu Ley, alianza kwa Abeti akiwa msichana wa miaka 17, akicheza na kuitikia nyuma yake. Lokua Kanza, mtunzi anayeheshimiwa sana leo, alipiga gitaa katika kundi hilo mwanzo wa miaka ya 1980. Wakati huo huo Mpongo Love, aliyezaliwa Boma mwaka 1956 na kupooza mguu utotoni, alipata sifa yake kuanzia mwaka 1976, na magazeti yakapenda kuwashindanisha. Huenda mashindano yaliuza santuri. Kwa msichana aliyekuwa akisikiliza mahali fulani Kindu au Kalima, maana yake ilikuwa nyingine: wanawake wawili wakishindana, basi mlango umekwisha kufunguliwa.

Je, yote aliyoimba ni mazuri? Hapana. Katika miaka ya 1980 aliishi zaidi nje, na kazi zake zikafuata mashine za Paris, ngoma zisizopigwa na mkono wa mtu, mpaka sauti yake wakati mwingine inakuwa kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Wimbo wake uliopendwa kuliko zote, "Je suis fâché" wa mwaka 1986, ni wa namna hiyo, wenye ladha ya zouk ya visiwa vya Antilles. Watu waliucheza kutoka Lomé hadi Bujumbura. Hata sisi tuliucheza, tulipokuwa watoto, katika ndoa za jirani, bila kujua Kifaransa. Twaupenda, lakini mtu akitaka kumsikia Abeti mwenyewe na asikilize za mwaka 1973 na 1974. Mwaka 1988 aliimba katika Zénith ya Paris, na mwaka 1989 alifika hata China.

Kisha ugonjwa. Ilikuwa saratani. Alifariki tarehe 28 Septemba 1994 huko Villejuif, karibu na Paris, wiki sita kabla ya kutimiza miaka 40. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa. Nchi aliyorudishwa ilikuwa taabani: fedha imekufa, askari wameupora mji mara mbili, mwaka 1991 na 1993, na miaka miwili baadaye vita vilianza upande wetu wa mashariki. Vita hivyo na vile vilivyofuata viliwafukuza watu wa Punia msituni, na redio nyingi na santuri nyingi zilipotelea huko. Labda ndiyo sababu rika letu lilimjua jina tu.

Tulipomaliza kukusanya habari hizi tulikwenda kwa wazazi wa yule msichana. Tulianza kwa kusema kwamba tulimjibu mtoto wao vibaya, kwa kuwa tulijibu tusilolijua. Baba yake ni mtu wa maneno machache. Alituacha tuseme mpaka mwisho: habari za Bakwanga, za mjane na watoto wake, za yule msichana wa tatu katika mashindano. Aliposikia habari za mama Masikini alimtazama mkewe. Kisha akauliza neno moja tu: "Na huyo kaka yake, alikuwa pamoja naye siku zote?" Tukamjibu kwamba alikuwa naye hata usiku ule wa mwaka 1974 uwanjani. Akanyamaza. Akatuletea kiti tukae, maana mpaka saa ile tulikuwa tumesimama.

Hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Lakini Jumamosi iliyopita msichana alikuja kwenye mazoezi, na mdogo wake wa kiume alimfuata, akakaa kwenye benchi la nyuma mpaka tulipomaliza.